Jicho Atie Mwenyewe

Juu ya kabati la vitabu ofisini kwangu wamesimama watu kumi na mmoja wa madini, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Wageni huwaona hao kabla hawajaiona stashahada yangu, ingawa niliitundika katikati ya ukuta makusudi. Yuko zimwi na rungu lake, yuko mchawi, yuko mpanda joka, yuko mfalme aliyekufa akabaki na taji. Wamepakwa rangi kwa namna ambayo sikuiona hata Ulaya, na mimi Ulaya nimeona mengi. Mgeni husogea, huinama, kisha huuliza, "Mbona hawana macho?"

Kumi hawana. Mmoja, yule mfalme mfu, anayo, na ana makengeza. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijibu kwamba ni habari ndefu, nikabadilisha mazungumzo. Aliyewapaka rangi alikufa miezi michache baada ya mara ya mwisho kuonana naye, na tangu hapo habari hii hainiachi. Sasa naiandika.

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala mkubwa aliyenishika mkono. Nilizaliwa juu ya Lukozi, nikajifunza kupiga taipu kwa mashine mbovu, nikaajiriwa ofisi ya wilaya pale Lushoto bendera yetu ikiwa bado mpya, nikaomba nafasi ya masomo mara tatu na mara ya tatu nikaipata. Nilikwenda Uingereza kusomea uchapaji. Nilirudi na stashahada ya daraja la juu, nami leo nasimamia kiwanda cha uchapaji Tanga. Haya yote ni kweli na sioni haya kuyasema. Ila yako mambo niliyosifiwa kule ambayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mtu aliyekaa mlimani na kikombe cha bati.

Tulimwita Fundi Rangi. Jina lake lilikuwapo, na kaburini limeandikwa, lakini yeye mwenyewe alinikataza kuliandika mahali pengine. Alikuwa mwandika vibao. Kama ulipita Lushoto miaka ile, maandishi yote uliyoyasoma yalikuwa ya mkono wake: maduka, mabucha, mabasi ya kushuka Mombo, misalaba ya makaburi ya Walutheri, na zile UHURU NA KAZI na TUSHIRIKIANE KATIKA KILA KITU zilizokuwa ukutani sokoni. Herufi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu za mashine. Tahajia ilimshinda, au tuseme haikumhusu. Kinyozi mmoja alimrudishia kibao akilalamika kwamba kimeandikwa KINYOZI WA KISASSA.

"Fundi, S mbili za nini?"

"Upande wa kulia ulikuwa mwepesi," akajibu. "Ningeacha moja, kibao kizima kingeegemea kushoto. Wateja wako wangeingia wameinamisha shingo."

Kinyozi alikitundika vilevile. Kilikaa pale miaka yote, na sikusikia mteja akilalamika.

Hiyo ilikuwa kazi ya kumlisha. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye chumba chenye dirisha moja la kuelekea mashariki. Humo alichonga watu wadogo wa mbao, akawapaka rangi, akawapiganisha juu ya meza. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya madebe, umefunikwa gunia lililopakwa kijani, na chini ya gunia amepanga mawe ili milima ipatikane. Mbao zilikuwa vipande laini vya masanduku ya matunda. Brashi alizitengeneza kwa manyoya ya sikio la ndama. Rangi zilikuwa mabaki ya vibao, masizi, udongo mwekundu, na buluu ya kufulia nguo aliyoikoroga kwa kiini cha yai.

Watu wa meza, ndivyo alivyowaita. Katika jeshi lake hakuwamo hata askari mmoja wa kawaida. Walikuwamo mazimwi, majoka yenye vichwa kadhaa, watu wa mguu mmoja, wafalme wa mvua wenye nguo za majani, wanawake wenye pembe. Askari wa kweli alikwisha kuwaona. Alikuwa Burma na jeshi la Mwingereza, na huko aliwaona maofisa wakipanga vita kwa vijiaskari vya madini ya risasi juu ya mchanga. Mchezo aliupenda, vijiaskari akavichukia. Nilimwuliza sababu mara moja tu.

"Niliowaona wakianguka kule walikuwa na mama zao," alisema. "Siwezi kuwapanga mezani. Zimwi akianguka, nani atamlilia? Tunamwinua, tunacheza tena."

Hakunitajia Burma tena, na mimi sikuuliza tena.

Tulicheza Jumapili alasiri, baada ya ibada. Wachezaji walikuwa watatu: yeye, mimi, na karani wa posta, mtu wa Tanga mjini, Mwislamu, mwembamba, mwenye mzaha hata akiwa na homa. Fundi hakutuita kwa majina. Yule alikuwa Posta, mimi nilikuwa Bwana Taipu. Mtu wa meza alikwenda urefu wa njiti tano za kiberiti. Pigo liliamuliwa kwa maharage yaliyopakwa chokaa upande mmoja. Unayatupa, unahesabu meupe. Na ilikuwapo sheria moja ambayo hakuna aliyeweza kumbembeleza ailegeze. Mtu asiye na macho hapigani. Tena macho hayo hayapakwi na fundi, hayapakwi na rafiki. Jicho atie mwenyewe, yaani yule ambaye mtu huyo wa meza ni wake.

"Nikikutilia mimi," alisema, "ataniangalia mimi. Utampeleka vitani huku anatazama nyuma."

Alitugawia watu aliowachonga kwa siku nyingi bila kusita. Brashi zake je? Hizo hakuna aliyezigusa. Posta alijaribu mara moja kuichukua ile nyembamba kuliko zote, akapigwa kofi mkononi kama mtoto aliyedokoa nyama.

"Fundi," Posta akalalamika, "wewe ndiye uliyeandika ukutani tushirikiane katika kila kitu."

"Niliandika," akasema Fundi. "Kwa brashi yangu."

Jambo lililotuleta pale hasa halikuwa vita. Lilikuwa ukaguzi. Kila aliyeleta mtu mpya, wa kuchonga mwenyewe au wa kupaka, alimkabidhi kwa Fundi kabla ya mchezo kuanza. Lakini kwanza shikamoo. Ukiingia ukasahau, alikuacha umesimama na mtu wako mkononi, akaendelea kusafisha brashi mpaka ukumbuke. Akishaitikia marahaba, alichukua kikombe cha bati, akakifudikiza, akamweka mtu juu yake. Kisha alipiga magoti, mtu mzima yule, mpaka jicho lake likawa sawa na uso wa yule mdogo. Alikizungusha kikombe kwa kidole kimoja, polepole, duara zima. Alitoka naye nje juani, akarudi. Hapo alianza kuuliza.

Uzito uko mguu gani? Hilo lilikuwa la kwanza siku zote. Nguo inamjua mwenye nguo, au imetundikwa? Ukinyoosha mkono wote, uso unasomeka? Rangi ya ndani ilitangulia ya nje? Maana alitaka tupake kama mtu anavyovaa: ngozi kwanza, kisha shati, kisha koti, kisha mkanda. Rangi nyembamba kama maji iteremke yenyewe kwenye mikunjo ikae kivuli. Mwisho kabisa brashi kavu ipite juu ya kingo, ziamke.

Posta aliwahi kuleta jini aliyemchonga kwa kifuu cha nazi, anajivunia mno.

"Uzito uko mguu gani?"

"Mzee, jini hana uzito. Wallahi, jini ni upepo."

"Sawa. Miguu umemchongea ya nini?"

Posta alicheka mpaka akatoka nje. Wiki ya pili alimrudisha amemkata miguu, amembakizia vumbi la mchanga aliloligandisha kwa gundi. Fundi alimkagua, akazungusha kikombe, akatamka neno ambalo sote tulilingoja.

"Anapumua."

Hukumu zilikuwa mbili tu. Aliyefaulu, anapumua. Aliyeshindwa, kasimama tu. Hapakuwa na katikati. Posta aliambiwa "anapumua" mara tatu kwa miaka ile. Mimi, niliyekuwa na mkono mtulivu kuliko yeye, niliyejifunza kila kanuni, niliyeweza kupaka ukosi wa shati la mtu mwenye urefu wa kidole, sikuambiwa hata mara moja. Nilimpaka mfalme wa mvua kwa miezi miwili, majani yake rangi tisa za kijani. Fundi alipiga magoti, akatoka naye juani, akakaa huko muda mrefu.

"Kasimama tu," alisema aliporudi.

"Kosa liko wapi, Mzee?"

"Hakuna kosa. Umepaka niliyokufundisha yote. Nimemtafuta Bwana Taipu humu, sikumwona."

Nilikasirika, nikaona ni kijicho cha mtu asiyemaliza shule. Mwaka huohuo nilipata nafasi yangu ya masomo, nikaondoka bila kumuaga inavyostahili. Alikuja kituoni yeye, akanikuta ndani ya basi, akanipa kikombe cha bati kupitia dirishani. Kilikuwa kipya. Cha kwake aliendelea nacho.

Katika mji wa viwanda nilikosoma, nilikuta wazungu watu wazima wanaofanya yaleyale. Walikutana Jumamosi katika chumba cha juu ya ukumbi wa kanisa, makarani, makondakta, mwalimu mmoja wa hesabu, wakipaka rangi mazimwi na wachawi waliotengenezwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa kalibuni. Siku ya kwanza nilitamani kulia. Nilidhani Fundi yuko peke yake duniani. Nilinunua mazimwi mawili yaliyofanana, moja langu, moja nikamtumia kwa posta. Sikutia hata rangi ya kwanza. Niliandika: Mzee, shikamoo. Kumbe na huku wapo. Unasemaje juu ya huyu?

Jibu lilikuja kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kwa herufi zile nzuri na tahajia ile mbaya. Nimelihifadhi. Nalinukuu, tahajia nimeirekebisha:

"Zimwi lenu nimelikagua. Uzito wote uko kwenye rungu, na kiuno hakijui. Rungu la namna hii lingemvunja mgongo kabla hajampiga mtu. Aliyemtengeneza hajawahi kubeba kuni. Mshono wa kalibu umepita katikati ya shavu, mahali ambapo brashi haiwezi kuudanganya. Aparue kwa kisu kwanza. Meno mazuri. Meno ameyaona mahali, labda kwa mbwa wa jirani. Kasimama tu. Nimempaka, jicho nimekutunzia, maana ni wako. Njoo utie mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata, zimwi lilelile lilikuwa mezani na wazungu wanalisifu. Wakanigeukia, kwa adabu tu, maana nilikuwa mweusi peke yangu na nilikuwa sijasema kitu tangu nije. Wewe unaonaje? Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza kwamba uzito wote uko kwenye rungu na kiuno hakijui. Kwamba aliyelitengeneza hajawahi kubeba kuni.

Mwalimu wa hesabu alilichukua zimwi, akaligeuzageuza. Kisha akasema, "Mungu wangu, ni kweli."

Sikusema ni maneno ya nani. Ningesema, ningebaki tena mtu wa pembeni, mleta barua. Walikuwa na jarida lao dogo la kurudufu, na kwa kuwa nilisomea uchapaji niliwasaidia kulipiga chapa. Mhariri akaniomba niandike ukaguzi wa sanamu mpya kila toleo. Jina langu likawekwa juu kwa herufi nzito, nilizozipanga mwenyewe. Watengenezaji wakaanza kunitumia sanamu kabla hazijafika madukani. Kila sanamu niliyopokea mbili, nilimtumia Fundi moja, na kila barua yake ikawa makala yangu.

Niliandika kwamba mchawi fulani amevaa vizuri mno, kwamba mchawi wa kweli humtambui kwa nguo. Niliandika kwamba magamba ya joka yamelingana kama mabati ya ghala, na mnyama hapangwi hivyo. Wapakaji wa miji mingine wakaniandikia barua kusifu jicho langu. Neno hilo ndilo walilolitumia, jicho. Nami kwa fahari nilimtumia Fundi nakala za jarida, nikijua hasomi Kiingereza. Nilitaka aone jina langu limechapwa. Leo sielewi nilikuwa na moyo wa namna gani.

Baada ya nakala za kwanza, barua zake zilibadilika. Hazikuja tena kwenye mifuko ya saruji. Zilikuja kwenye kurasa za daftari, zimepigwa mstari wa pembeni kwa rula, tahajia imenyooka, kila sanamu ina aya yake, na mwisho wa kila aya kuna ushauri kwa mpakaji: aanze na rangi gani, kivuli akiweke wapi, asiharibu nini. Zilikuwa makala kamili. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nilidhani amejiunga na kisomo cha watu wazima, nikafurahi kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, maana kazi ilipungua.

Niliporudi, kiti cha Tanga kilikuwa tayari kinaningoja. Nilipanda Lushoto nikiwa na suti, na sanduku la sanamu mpya, na majarida yote niliyoyatia jalada gumu kwa mkono wangu, jina langu mgongoni kwa dhahabu. Nikamkuta Posta, mvi zimemjaa, kwenye dirisha lilelile.

"Bwana Taipu! Ulaya imekunenepesha. Unamtafuta mghosi, mzee wetu? Umechelewa, kashuka Mnazi."

Mnazi ni tambarare, chini kabisa, nchi ya joto. Kilianzishwa kijiji kipya cha ujamaa huko na Fundi akaagizwa aandike kibao chake. Alikiandika kizuri kuliko vyote, akakitazama siku mbili, kisha akamwambia mkewe wafungashe. Mkewe akauliza kulikoni. Akasema hawezi kuandika kibao cha mahali asipokaa. Watu walimwambia joto litamwua. Akajibu kwamba aliwahi kukaa Burma.

"Na watu wa meza?" nikauliza.

Posta akaacha kucheka. "Nenda ukamwone," alisema. "Nenda upesi."

Nilishuka kesho yake kwa lori. Nyumba ilikuwa ya udongo, safi, karibu na kile kibao. Mkewe alinipokea kwa machozi na maji ya kunywa. Fundi alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Nilimpa shikamoo kwa mikono miwili. Akaitikia taratibu, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Suti inakujua," alisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Ndani, kwenye rafu ya ubao, walikuwa wamepangwa kumi na mmoja, wale wa madini niliomtumia. Nikatafuta wengine. Nikatafuta wafalme wa mvua, watu wa mguu mmoja, wanawake wenye pembe. Kazi ya maisha yake, zaidi ya mia mbili. Pembeni palikuwa na sanduku lake la mbao, limefungwa kwa kamba.

"Usilifungue," mkewe akaniambia kwa sauti ya chini. Akanieleza akiwa amesimama mlangoni.

Kule juu mtu huweka sanduku chini sakafuni, nalo hukaa hata miaka kumi. Baridi inalilinda. Fundi alipofika Mnazi aliliweka sanduku chini kama alivyozoea, kwenye udongo. Wenyeji hawakujua ndani mna nini, wao hufunga vitu juu darini, hawakufikiri kumwonya mtu mzima. Zikaja mvua. Siku alipolifungua, watu wake walikuwa wamesimama wote mahali pao, rangi haijachubuka, macho yanamtazama. Akafurahi. Akamchukua mmoja. Alipomgusa, vidole vilikutana katikati. Mchwa walikwisha kula mbao yote kutoka ndani. Kilichobaki ni rangi peke yake, ngozi tupu ya rangi imesimama, na macho.

"Alifunga sanduku," mkewe alisema. "Hajaligusa tena. Anasema wakae hivyohivyo, wasianguke."

Nilirudi kivulini. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha lile jalada lenye dhahabu, na sasa lilikuwa mapajani mwangu linaniunguza. Nikaanza kusema. Nikasema, Mzee, yale uliyoniandikia, kule mimi...

"Posta alinisomea," alisema.

"Lini?"

"Tangu lile la kwanza. Tulikaa pale dirishani kwake, ananigeuzia Kiingereza. Kafika kwenye kuni, kaweka jarida chini, kaniangalia. Alitaka nikuandikie barua kali."

"Mbona hukuandika?"

Alipangusa kikombe chake kwa pindo la shati. Kilikuwa kilekile cha zamani.

"Maana lilikuwa limechapwa," alisema. "Nilimwambia Posta, kumbe linakwenda kuchapwa, basi tulinyooshe. Tukanunua daftari. Yeye akasahihisha maandishi. Wapakaji wa kule watalisoma, nikasema, wasidhani huku hatujui kupiga mstari." Akatabasamu bila meno ya mbele. "Lakini kila jarida likija nilimuuliza Posta: humo liko lolote la Bwana Taipu? Akawa anatafuta. Anasema, bado, Fundi. Nikawa nangoja."

Nilimwambia nitaandika kule, nitasema yote, nitaweka jina lake. Akatikisa kichwa.

"Jina langu la nini? Hawakunijua. Ukitaka kuandika, andika Fundi Rangi, wa Lushoto watanielewa." Kisha akaonyesha sanduku langu la sanamu mpya. "Umeleta nini?"

Nikamtoa mmoja, mwindaji mwenye kichwa cha swala, kazi ya hali ya juu kuliko zote nilizowahi kupokea. Fundi akafudikiza kikombe, akamweka mwindaji juu yake. Hakupiga magoti. Akanisogezea kikombe mimi.

"Sema," aliniambia.

Nilipiga magoti na suti yangu kwenye vumbi. Nikamtazama yule mtu mdogo usoni. Nikazungusha kikombe. Neno la kwanza lililokuja lilikuwa uzito uko mguu gani. La pili lilikuwa nguo inamjua mwenye nguo. Nikayatupa yote mawili, nikatafuta mengine. Nilizunguka duara zima, nikazunguka tena. Nilikuwa nimekagua sanamu kwa miaka, barua za sifa nimezijaza sanduku, na pale chini sikuwa na neno moja.

Alinionea huruma. Aliingia ndani taratibu, akarudi na mfalme mfu kutoka rafuni, kichupa cha rangi nyeusi, na brashi. Ilikuwa ile nyembamba, ya sikio la ndama. Akainyoosha kwangu. Niliangalia mkono wake kwanza, nikidhani amekosea.

"Shika. Huyu ni wako. Amekungoja miaka mingi, na taji lote hilo."

Nilichovya brashi. Nilitia jicho la kulia. Likakaa. Nilipotia la kushoto, brashi iliteleza na nukta ikaenda puani. Nilitaka kulifuta, akanizuia.

"Acha."

Akamweka mfalme juu ya kikombe. Safari hii alipiga magoti, mkewe akimshika bega, na ilimchukua muda kufika chini. Akazungusha. Hakuweza kutoka naye juani, kwa hiyo alimwinua tu mpaka mwanga ukamfikia.

"Kasimama tu," alisema.

Niliinamisha kichwa. Kisha nikasikia anacheka, kicheko kidogo kikavu, kile cha enzi za jini la Posta.

"Lakini hayo makengeza, Bwana Taipu, hayo ni ya kwako."

Alibaki amepiga magoti, akanyoosha kidole kuelekea rafuni. "Lete wa pili."

Barabarani lori lilikuwa linapiga honi, la mwisho siku ile kupanda mlima. Nilikuwa na mkutano Tanga. Nilimrudishia brashi, nikamwambia nitarudi, kumi waliobaki tutawamaliza kwa utulivu. Aliishika ile brashi, akaitazama, akanirudishia.

"Basi nenda nayo," alisema. "Na hao wachukue. Jicho utawatia mwenyewe."